Kabureta Kwanza

Alinivuka akaokota kabureta. Mimi niko chini, uso unaungua, nakwaruza mchanga, na bosi wangu amesimama anaipuliza kabureta. "Imekwisha hii! Mwenye mashine nitamwambia nini?" Mama ntilie wa jirani alikuja mbio na ndoo ya maji. Bosi akamzuia. "Usimmwagie! Hiyo dawa ikikutana na maji ndiyo inachemka, hukuona?" Mama ntilie akasimama. Niliyasikia maji yakicheza ndani ya ndoo.

Gereji ile ipo Ruangwa, njia ya kwenda Mbwemkuru. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma. Msimu wa kupulizia mikorosho zinakuja mashine za kubeba mgongoni, zimeganda mafuta na unga wa salfa mpaka huoni skrubu. Nilikuwa naloweka kwenye dizeli, nasugua kwa brashi, nafuta kwa maranda, namalizia na sabuni ya unga. Petroli tuliiacha tangu ilipomwunguza nyusi fundi aliyewasha sigara. Dizeli inachelewa, lakini haina ugomvi na mtu.

Bosi ndiye aliyekuwa na ugomvi nayo, maana wateja walijaa. Akaenda Nachingwea, akarudi na kostiki, ile ya wapika sabuni, punje nyeupe kwenye mfuko wa nailoni. Muuzaji kampimia kwa kikombe, hakuandika kitu juu ya mfuko, hakusema kitu. Kwenye vyuma vizito ilifanya kazi kweli. Gia zilitoka zinang'aa. Bosi akacheka, "Dizeli tuwaachie wazee!"

Kisha akaleta vya aluminiamu. Nikamwuliza glavu ziko wapi.

"Glavu? Wewe mama si mbangua korosho wa Nambambo? Mafuta ya korosho yamekushindwa, hii itakuweza? Jipake majivu bwana!"

Mafundi wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kwetu kweli tunajipaka majivu kabla ya kubangua, mafuta ya ganda yasitubabue mikono. Nikajipaka. Nikatumbukiza kabureta na kichwa cha silinda kwenye beseni, bosi akamimina maji ya moto ili viwahi kutakata. Beseni likanguruma. Kostiki inaila aluminiamu, inachemka nayo, sasa najua. Povu lilipanda, likaruka, likanikuta nimeinama, mkono juu ya beseni.

Hospitali, kabla hajanifungua macho, nesi aliuliza, "Mlimmwagia maji?"

Walionileta wakatikisa kichwa.

"Maji mengi, palepale. Ndiyo yangeliokoa jicho hili."

La kulia limebaki jeupe kama yai la kuchemsha. Vidole vya mkono huu havikunjiki, hata korosho havishiki.

Muuzaji wa Nachingwea bado anapima kwa kikombe. Mama ntilie bado anampakulia bosi wali, anamjazia mchuzi. Na bosi anawaambia watu nilijipaka majivu kwa ushamba wangu, kwamba mwenyewe sikusikia nilipokatazwa.

Pole yako sitaki, bosi. Njoo nyumbani, ukae mbele ya wanangu, na mama ntilie awepo na ndoo yake. Useme nani alinituma nijipake majivu. Useme nani aliyazuia yale maji. Mimi nitakaa nikutazame kwa hili lililobaki, mpaka useme.