Kitabu Kilichofungiwa Karanga

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Hapana, nimekosea, ilikuwa tisini na sita, maana uchaguzi wa vyama vingi ulikwishapita na zile kofia walizogawa zilikuwa zimeanza kupauka vichwani mwa watu. Mwaka huo Asajile, tarishi mstaafu wa mahakama, mkazi wa mtaa wa Bagamoyo wa hapa hapa Tukuyu, alinunua karanga kwa Sauda pale Makandana, akakuta karatasi iliyozifunga inazungumza habari za mirathi.

Akala karanga, akaisoma karatasi, akarudi. Sauda alikuwa na kitabu chenyewe chini ya meza, kurasa za mbele zimekwisha kwenda na wateja. Jalada hakuna, jina la mwandishi hakuna. Kilichobaki kilieleza sheria za mila na ardhi kwa Kiswahili kilichonyooka. Asajile alimpa magazeti makuukuu badala yake, akaondoka nacho kwapani. Miaka ishirini na miwili alibeba mafaili ya watu bila ruhusa ya kuyafungua. Sasa alikuwa na sheria yake mwenyewe nyumbani, akawa anatembea kama bwana harusi.

Haukupita muda akajiwa na Sekela, mpwa wake, mjane wa kijiji cha Ibighi. Shemeji yake Amoni alikuwa amepunguzwa kazi migodini Zambia, karudi. Na kwa kuwa wanunuzi binafsi wa chai walikuwa wameanza kupita vijijini, alilitaka shamba la migomba la marehemu kaka yake, ang'oe migomba apande chai. Alisema kwa mila ni lake. Sekela na wanawe wanne walikuwa wanakula humo.

"Umelilima muda gani tangu mwenzio afariki?" Asajile aliuliza.

"Miaka kumi, mjomba. Au kumi na mmoja. Nani alikuwa anahesabu?"

"Amoni hakuwahi kulidai?"

"Hata salamu hakuleta."

Asajile akafunua kitabu. Kilisema anayelima shamba wazi miaka kumi bila kudaiwa haondolewi. Akamwambia aende akapalilie tu.

Amoni akaenda kushtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikamruhusu Asajile amsemee Sekela, kwa kuwa ni ndugu. Akausoma ukurasa mzima kwa sauti ya mahubiri. Hakimu, mama mmoja mtaratibu, akaomba akione kitabu, akauliza kimeandikwa na nani.

"Sijui, mheshimiwa. Mwanzo wake uliondoka na karanga."

Watu wakacheka. Amoni akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba shemeji kaleta wakili wa karanga. Hakimu hakucheka. Alimweleza Asajile kwamba kitabu kama kile humwonyesha mtu sheria ilipo, lakini chenyewe si sheria, na yeye hawezi kuhukumu kwa maneno ya mwandishi. Kisha akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa, penye maandishi madogo madogo.

"Na haya umeyasoma, mzee?"

Hakuwa ameyasoma. Alidhani ni anwani ya wachapaji. Kesi ikaahirishwa wiki mbili.

Asajile hakwenda nyumbani. Alikwenda masjala kwa karani Andrea, kwenye kabati ambalo yeye mwenyewe alilifuta vumbi miaka yote ile. Namba iliyokuwa kwenye yale maandishi madogo iliwapeleka kwenye tangazo la Serikali la miaka ya sitini. Lilikuwa la Kiingereza, Andrea akawa anamfasiria polepole. Miaka kumi na miwili. Asajile akamwomba asome tena. Kumi na miwili.

Kitabu kilikuwa kimekosea. Wakatafuta kama sheria yenyewe ilibadilishwa baadaye, faili kwa faili, mpaka jua likahama dirishani. Hawakuona badiliko lolote. Asajile akanakili yote kwa mkono, akapanda Ibighi na mvua mgongoni. Hakuwa na hofu. Sasa alijua anatafuta nini.

"Mwipwa, mlimzika mumeo mwaka gani?"

Sekela hakuujua mwaka. Alikumbuka kwamba ulikuwa ule wakati wa kutafuta sabuni na sukari, na vitambaa havikuwapo madukani, sanda wakaikata kutoka kwenye pazia. Asajile akamshika mkono wakaenda kwa mchungaji. Daftari la mazishi likafunguliwa: Machi, themanini na tatu. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita.

Siku ya kesi aliweka mezani nakala ya tangazo na barua ya mchungaji. Kitabu kilibaki mfukoni. Hakimu alitoa tangazo lenyewe, akalinganisha neno kwa neno, wazee wa baraza wakanong'ona kwa Kinyakyusa, na shamba likabaki kwa Sekela. Amoni akatoka. Sekela alishukuru tu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mjomba," mara tatu.

Lakini Asajile hakuondoka. Alikitoa kitabu, akamwonyesha hakimu lile neno kumi. Hakimu akatabasamu, akaita kesi nyingine. Baadaye alimwuliza Andrea, akamwuliza mchungaji, hata Sauda akamwuliza, na hakuna aliyemjibu mpaka leo:

"Mjane wa kwingine akisoma hapa aseme miaka kumi yatosha, atapoteza shamba. Sasa kosa hili tumwandikie nani alisahihishe?"