Kura ya Baba Kule Ubelgiji

Rangi ya fulana ya chama ikipitiwa na pasi ya moto hutoa harufu ya plastiki inayoungua, na mpaka leo harufu hiyo ikinifikia puani narudi palepale: chumba cha cherehani cha Baba, Troyeville, mwezi wa tano mwaka 2019, baridi ya Johannesburg ikipenya chini ya mlango. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikujua kutulia, kwa hiyo nilikabidhiwa pasi. Afrika Kusini ilikuwa kwenye uchaguzi. Watu walileta fulana za bure zilizowapwaya, Baba akazipunguza, mimi nikazinyoosha. Vyama vyote vilipita mikononi mwetu. Siku moja nilimchoma mgombea shavu. Mwenye fulana akaangua kicheko, akasema eish, afadhali, sasa sura inafanana na ahadi zake. Baba hakucheka. Aliwashonea wapiga kura uchaguzi baada ya uchaguzi, na yeye mwenyewe hakuwahi kupiga kura hata mara moja maishani: si hapa, alipokuwa mkimbizi, wala si kwetu Lubumbashi, alikoondoka kabla masanduku ya kura hayajafika. Kongo ilipopiga kura mwishoni mwa mwaka uliotangulia, sisi wa nje hatukuhesabiwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ndipo ikaja barua ya Shangazi Feza. Shangazi ni mdogo wake Baba. Aliishi Antwerpen, kaskazini mwa Ubelgiji, akiwaogesha vikongwe katika nyumba ya wazee, na alikuwa amekwisha kupata uraia wa huko. Ubelgiji kupiga kura si hiari. Unaitwa kwa barua, na usipotokea unaweza kutozwa faini. Shangazi aliipiga picha barua yake, akaituma kwenye simu ya Baba, na sauti yake ikafuata: "Yaya, uchaguzi ni mwisho wa mwezi huu. Wewe ndiye mkubwa wetu. Niambie nimpe nani." Yaya ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyomwita kaka au dada aliyewatangulia kuzaliwa. Nadhani Shangazi alisema kwa adabu tu, kama unavyomkaribisha mpita njia chakula ukijua atasema ameshiba. Loo! Baba alinawa mikono, akakaa mezani.

Kuanzia siku hiyo hatukupata raha. Alitandika karatasi ya kukatia mitindo, akaichora Ubelgiji kwa chaki: Kaskazini wanasema Kiholanzi, Kusini Kifaransa, na Brussels katikati kama kifungo cha shati. Cherehani ikikimbia, redio ya Kifaransa nayo inabwata kutoka kwenye simu. Kulikuwa na chama cha Kaskazini kilichotaka kila upande ushike njia yake, kikilalamika kwamba Kaskazini wanafanya kazi na Kusini wanakula. Nililijua jina la kila chama cha huko kuliko nilivyojua majedwali ya kuzidisha. Jirani yetu Sefu, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa akitengeneza simu chumba cha pili, aliingia kila mchana kuuliza mechi imefika wapi. "Papa Mapendo," alimwambia Baba, maana mimi ndiye Mapendo, "nchi yenyewe ukubwa wake ni leso, na bado wanataka kuichana? Sasa kamasi watafutia nini?" Nilicheka mpaka nikaiinua pasi nisiunguze nguo. Baba alijibu bila kuinua kichwa, "Watu wanafukuzana hata kwenye leso, Sefu."

Maana ya maneno hayo niliijua Jumamosi moja mchana, tulipokuwa wawili tu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kule kwao Katanga, jimbo la Lubumbashi, umati ulianza kuwaambia watu wenye asili ya jimbo la Kasai warudi kwao, hata wale waliozaliwa palepale. Familia nzima nzima zililala stesheni wiki na wiki zikingoja treni, na watoto wakafia hapo. Mukendi, aliyekaa dawati moja na Baba, alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. "Niliimba na umati, Mapendo," Baba alisema. "Warudi kwao, warudi kwao. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sauti yangu ilikuwa nzuri." Mama yake Mukendi hakuweza kupanda treni na cherehani yake, akamwachia Baba kwa bei ya kutupa; Baba akaibeba begani hadi nyumbani, na juu yake ndipo alipojifunza ushonaji. Kila kipande cha mkate nilichokula kilitoka kwenye cherehani ile. Sasa alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: aseme hapana kwa watu wa jimbo-letu-ni-letu, aiseme kwa karatasi na alama, mara moja, hata kama ni kwa mkono wa Feza. Alimtumia Shangazi sauti ndefu kuliko mahubiri, akamtajia chama kilichotaka nchi ibaki moja. Shangazi akajibu, "Nimesikia, Yaya."

Jumapili ya kura tulitoka kanisani, Baba akafungua duka akiwa na shati lake la ibada, ingawa Jumapili hatukushona. Alitia uzi kwenye sindano, akautoa, akautia tena. Akaenda mlangoni, akarudi, akaenda. Mwishowe alisimama nje akimweleza Sefu jinsi kura zinavyohesabiwa, na simu akaniachia mimi, kama kawaida. Ikalia: ujumbe wa sauti. Niliiweka sikioni. Shangazi alikuwa akitembea, pumzi zinamkata. "Yaya, unisamehe. Nimewapa wale wa Kaskazini. Ndio peke yao waliobisha hodi kwangu na kuniuliza lifti ya jengo letu imeharibika tangu lini, na ikatengenezwa. Mimi naamka saa kumi alfajiri, nakatwa kodi, na nimechoka kuambiwa inaliwa Kusini. Wewe unaiona Katanga. Mimi naona mtaa wangu. Hapa ni kwangu sasa, Yaya."

Nilimtazama Baba mgongoni, shati limekaza mabegani, mkono mmoja hewani akimchorea Sefu mpaka wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Nikafuta ujumbe. Nilimwandikia Shangazi haraka: usimwambie, nimeshamwambia umefanya alivyosema. Kumbe nilikuwa bado sijasema! Nikakimbia mlangoni nikasema. "Amesema hivyo?" Baba aliuliza. "Amesema hivyo." Aliingia ndani, akachukua kalamu ya wino ya kuwekea alama vitambaa, akajichora mstari kwenye ukucha wa dole gumba la kushoto, kama majirani zetu walivyochorwa mwanzoni mwa mwezi. Akamwonyesha Sefu. "Hongera, raia!" Sefu akasema, na safari hii hakutania. Chama cha Kaskazini kilipoongoza kule kwao Kaskazini, nilidhani Baba angevunjika moyo. Wapi! "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema akiutazama ukucha wake, "lakini changu kilikuwamo." Niliona aibu.

Sasa nimevuka ishirini, na duka ni lilelile, ila pasi ni ya mvuke. Ubelgiji haijachanika, bado wanagombana humo humo. Huku Johannesburg kuna asubuhi watu wanasimama mlangoni mwa zahanati wakitaka kuona vitambulisho ili wawazuie wageni, na fulana wanazovaa zenye maneno ya kututaka turudi kwetu zimewahi kuletwa kwa Baba azipunguze. Amezipunguza. Mimi nimezinyoosha, na harufu ni ileile. Nilipokuwa mtoto niliamini kura ni kitu cha kumpa mtu amani. Siku hizi nikimsikia Shangazi kichwani akisema hapa ni kwangu sasa, namwelewa, na kumwelewa kwenyewe kunaniudhi. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi bado naitembea.

Pasaka iliyopita Shangazi alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, na Baba, mvi zimemjaa, akamwambia kila aliyeingia: huyu ndiye aliyenipigia kura yangu, na dole gumba juu. Shangazi akanitazama. Mimi nikaitazama pasi. Wateja walipotoka, Shangazi alimsogelea Baba. "Yaya, uchaguzi mwingine ukija, uchague wewe tena. Safari hii kweli nitafanya utakavyosema."

Nikajua ametufichua: safari hii kweli! Lakini Baba alikata uzi kwa meno, akaligeuza vazi upande wa pili.

"Hapana, Feza. Mpe unayemtaka. Mimi yangu nilishapiga."