Kopo la Mkono wa Valfrid

Bomba la maji lilipopasuka chini ya jengo moja la Sundbyberg, Uswidi, mwezi wa nne mwaka 1976, aliyeitwa ni Matia Mukasa. Alikuwa mtunza jengo, na funguo za stoo zote za chini zilikuwa kiunoni mwake. Alifungua mlango mmoja baada ya mwingine, akitoa masanduku, baiskeli na mazulia yaliyolowa, mpaka akafika kwenye stoo ya mjane wa ghorofa ya tatu, Alma Sjödin. Hapo alisita. Kwenye rafu palikuwa na makopo matatu ya bati, na kando yake boksi la maganda ya risasi, ya shaba, makubwa kama kidole gumba. Harufu iliyomfikia haikuwa ya rangi wala ya mafuta ya taa. Kwa miaka kumi na miwili Matia alikuwa fundi wa silaha katika polisi ya Uganda, na baruti ni kitu ambacho pua haisahau.

Angeweza kufunga mlango na kwenda zake. Mkimbizi ambaye karatasi zake bado zinaulizwa kila mwaka hana biashara na baruti ya mtu. Lakini maji yalikuwa yanapanda. Akavua koti, akayafunika makopo yale, akapanda nayo ngazi kwa mguu mpaka ghorofa ya tatu.

Mjane aliyapokea mlangoni kama mtu anayepokea maziwa. Alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Siku hizo Waswidi walikwisha kuacha heshima za majina, kila mtu anaitwa kwa jina lake tupu, awe mkurugenzi au mfagiaji, lakini ulimi wa Matia ulikataa kumwita hivyo mwanamke wa rika la mama yake. Akamwita Tant Alma, yaani shangazi, na mama huyo akacheka, akakubali.

Alimuuliza amejuaje kwamba makopo yale hayafai kulowa. Matia akamweleza nusu. Tant Alma akaeleza yake yote. Mumewe, Valfrid, seremala, alikufa vuli iliyopita. Kwa miaka thelathini walikuwa wakilenga shabaha pamoja katika klabu moja yenye uwanja wake msituni, kaskazini ya mji, wakitumia bunduki za jeshi za miaka mia iliyopita, zinazobeba risasi moja tu kila mara. Mpigaji hujaza maganda mwenyewe, na hujaza baruti nyeusi, ile ya zamani yenye moshi. Mwezi wa sita klabu ingefanya mashindano ya kumkumbuka Valfrid. Bunduki anayo, kibali anacho, risasi amekwisha kuzisubu kwa madini ya kuyeyusha. Kilichomsumbua ni baruti, maana mwenye kuchagua siku zote alikuwa Valfrid. Akamwomba Matia amsaidie kuchagua.

Jioni Matia alimsimulia mkewe, Eseza, nyumbani kwao Fittja. Eseza alikuwa mhudumu katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, na siku hiyo alikuwa amesimama tangu alfajiri. Alimsikiliza huku akipika ndizi, mpaka zikaiva.

"Baba Nambi," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "tumevuka mipaka mitatu tukikimbia bunduki. Wewe unazifuata huku?"

Matia akasema hatagusa bunduki. Ataangalia baruti tu. Eseza akapakua chakula.

Ndivyo Jumamosi zao zilivyoanza, yeye na Tant Alma, katika gari la bluu la mama huyo. Wanaume wa klabu walimtazama Matia kama mtu anavyotazama mlango alioacha umefungwa akaukuta wazi. Katibu wao, Brolin, mzee mnene aliyekuwa rafiki wa Valfrid, alimuuliza polepole kwa Kiingereza anatafuta nini. Tant Alma akajibu kwa niaba yake kwamba huyu ni mtaalamu wake wa baruti, na hapakuwa na nyongeza.

Kopo la kwanza lilikuwa la Kiingereza. Punje zake zilikuwa ndogo kama ulezi, na iliwaka kwa nguvu hata bega la Tant Alma likawa jekundu. Kwenye shabaha, risasi tano za kwanza zilikaa karibukaribu, ungezifunika kwa kisosi. Kuanzia ya nane mambo yaliharibika: masizi yaligandamana ndani ya mtutu kama ukoko wa wali, na risasi zikaanza kutangatanga. Kopo la pili lilikuwa la Kijerumani, punje nene kama chenga za mahindi. Hiyo ilikuwa na moshi mwingi na mwendo wa polepole, risasi ikaangukia chini mpaka wakapandisha kilengeo. Lakini masizi yake yalibaki laini, kitambaa kimoja chenye maji kiliyatoa yote, na risasi ya ishirini ilipiga pale ilipopiga ya kwanza. Matia akaandika katika daftari lake kwamba hiyo ndiyo. Shabaha haitaki nguvu, inataka baruti isiyobadilika tabia.

Tant Alma aliitikia kwa kichwa tu. Moyo wake ulikuwa kwenye kopo la tatu.

Kopo hilo lilikuwa nusu, na juu yake Valfrid aliandika kwa mkono wake: Bora kuliko zote. Ya mashindano. Kwa baruti hiyo alishinda kikombe mwaka 1968. Tant Alma aliliweka mezani nyumbani kwake Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya siku ya mashindano, akakaa mbele yake amekunja mikono.

Matia alimimina kidogo juu ya karatasi nyeupe. Punje nyingi zilikuwa nyeusi zisizong'aa, kama inavyotakiwa. Katikati yake palikuwa na nyingine, bapa, za kijivu, zenye mng'ao. Aliinusa. Juu ya harufu ya kiberiti kulikuwa na nyingine kali, kama ya rangi ya kucha. Akachukua chembe chache akatoka nazo uani, akaziwasha juu ya jiwe. Nusu ilikwenda mara moja kwa moshi mweupe, kama desturi ya baruti nyeusi. Nusu ikabaki nyuma ikiwaka taratibu, kwa ulimi wa njano, bila moshi.

Matia akaitambua. Ile ilikuwa baruti ya kisasa, ya bunduki za leo, yenye nguvu kubwa zaidi ikifungiwa ndani ya ganda, imechanganywa na ya kale. Ukijaza ganda zima kwa mchanganyiko huo, kama inavyojazwa baruti nyeusi, chuma cha miaka mia hakihimili. Kitapasuka kando ya shavu la mpigaji.

Na nani aliichanganya? Tant Alma mwenyewe alikwisha kumsimulia, akicheka, jinsi Valfrid mwaka wake wa mwisho alivyoweka viatu ndani ya friji, na jinsi alivyokwenda kununua mkate akarudi na misumari. Matia alirudi ndani akamkuta amelishika kopo lile kwa mikono miwili. Akamwonea huruma.

"Imepata unyevu," alisema. "Haifai tena."

Njiani kurudi Fittja alijiambia kwamba amefanya vema. Kopo limekataliwa, na marehemu hakuvunjiwa heshima. Hata hivyo hakulala vizuri siku zile, na Eseza alipomuuliza alisema ni mgongo.

Siku ya mashindano msitu ulikuwa na jua. Watu kumi na wanne walijipanga kwenye mstari, na Brolin alisema maneno machache juu ya Valfrid. Tant Alma alilala juu ya mkeka wake, akaweka bunduki begani, akaingiza ganda la kwanza. Matia alikuwa hatua mbili nyuma na daftari. Kabla ya kuziba masikio, Tant Alma aligeuza uso wake, na ulikuwa uso wa mtu aliyetunza siri ya furaha.

"Nimeikausha," akanong'ona. "Wiki nzima juu ya gazeti, karibu na dirisha. Ya Valfrid. Sasa ni kavu kama mchanga."

Kwanza Matia hakuelewa. Kisha alielewa yote mara moja, na uongo wake ukasimama mbele yake kwa miguu yake miwili. Tant Alma alikwisha kurudisha shavu kwenye kitako. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye kifyatulio. Kumgusa mtu aliye na bunduki iliyojazwa ni kumwua, na sikio lililo upande wa Matia lilikuwa la kushoto, lile lisilosikia vizuri.

Matia akapiga kelele. Alipaza maneno mawili ya Kiswidi ambayo msimamizi wa uwanja peke yake huyasema, "Eld upphör!" Acheni kufyatua.

Bunduki zote zikashuka. Tant Alma akatoa kidole, akalaza bunduki chini, akabaki amelala hivyo bila kugeuka.

Brolin alikuja mbio, uso umeiva kwa hasira. Alitaka kujua kwa ruhusa ya nani. Matia akasema ganda lile litolewe, lina baruti iliyochanganywa. Brolin akamwambia kwamba alimjua Valfrid Sjödin kwa miaka arobaini na hakuna mtu aliyekuwa mwangalifu kuliko yeye. Halafu akauliza Matia ana karatasi gani za kuwa hapa. Wanaume walikwisha kuwazunguka. Kiswidi cha Matia kilimkimbia, akabaki na maneno ya bomba na funguo.

Ni Tant Alma aliyeinuka. "Uliniambia ni unyevu," akasema.

"Nilikudanganya, Tant Alma."

Tant Alma akapiga magoti kando ya bunduki. Kisha akatoa ganda ndani ya bunduki, akaomba koleo, akaing'oa risasi kwa mkono wake mwenyewe, akaenda mbali na mstari na kumimina baruti juu ya jiwe. Akampa Brolin kiberiti. Brolin akawasha. Moshi mweupe ukaruka, na nyuma yake ukabaki ule ulimi wa njano, ukila taratibu, mbele ya macho ya watu wote.

Brolin akavua kofia yake.

"Nilijua anasahau," Tant Alma akasema. "Sikujua amefika huku."

Brolin aliloweka kopo na maganda yote ndani ya ndoo ya maji, akasema atapeleka polisi taarifa mwenyewe. Kisha, bila kuulizwa, akawaambia wengine wasubiri nusu saa. Kopo la Kijerumani lilikuwa ndani ya gari. Mezani kwenye kibanda Matia alipima kwa mizani, ganda baada ya ganda, akabana, akaweka risasi, na Tant Alma akawa anayapokea. Alipiga wa mwisho siku hiyo. Risasi zilikaa pamoja vizuri, lakini mikono ilikuwa imechoka, akawa wa tisa.

Matia alipofika nyumbani alimweleza Eseza kisa hicho, halafu akamweleza kingine ambacho hakuwahi kukisema. Mwaka 1971, katika kambi moja mashariki ya Uganda, liliingia sanduku la risasi lenye lakiri iliyovunjwa. Alimwambia mkubwa wake. Mkubwa akamwambia atie sahihi, naye akatia. Siku ya tatu bunduki ilipasuka mikononi mwa koplo mmoja aitwaye Kiprono. Akapoteza jicho na vidole vitatu, na Matia akakaa kimya.

"Miaka mitano umelala na jambo hilo kando yangu," Eseza akasema. Kisha akavuta kiti chake karibu.

Kwa wiki tatu Tant Alma hakumwita Matia hata kwa bomba lililoziba. Wiki ya nne alishuka mwenyewe mpaka kwenye chumba cha funguo.

"Sikukasirika kwa ajili ya Valfrid," akamwambia. "Nimekasirika kwa sababu uliniona siwezi kubeba ukweli. Nilimwosha na kumvisha mwaka mzima. Ningebeba na huo."

Matia akasema amekosa, na hakuongeza sababu. Tant Alma akakubali, akamuuliza kama Jumamosi ana nafasi, maana kopo la Kijerumani linakaribia kwisha na dukani kumeletwa aina mpya ambayo hakuna mtu klabuni anayeijua.