Siku Niliyotafsiri Filamu ya Mpakani

Naandika haya huku uso unaniwaka, na anayetaka kucheka acheke tu, maana nusu ya Ifakara ilishacheka kabla yake.

Enzi hizo (si zamani sana, ila simu zimetuharakisha) tulikuwa na banda la video karibu na soko, mabenchi ya mbao, joto, harufu ya karanga za kukaanga, na Kaka Beno, DJ wetu, nyuma ya pazia la khanga akiwatafsiria watu filamu kwa kipaza sauti, na alivyokuwa anajua kuchekesha, wengi walikuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia picha yenyewe. Jumamosi moja mchana jino likamvimbisha shavu kama andazi, akanishika bega.

"Mdogo wangu, leo nisaidie."

"Kaka, mimi lugha yenyewe siijui."

"Kwani nani anaijua? Wewe angalia midomo, ongea."

Mimi niliyezoea kujificha chumbani wageni wakija, nikakubali, kwa sababu nyuma ya pazia hakuna anayekuona.

Filamu ilikuwa ya mpakani: mto katikati, wanajeshi huku, wanajeshi kule, na mwanamume mmoja mwembamba anavusha ng'ombe. Sasa mwaka ule watu walikuwa na hasira, ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga, wakulima na wafugaji walikuwa hawasalimiani vizuri, nami nikaona hapa ndipo pa kuchekeshea. Yule mwembamba nikampa lafudhi ya Kisukuma: "Mwangaluka, afande! Ng'ombe wangu wana njaa, mpunga wa watu uko wapi?" Banda likalipuka. Askari akimpiga kitako cha bunduki watu wanashangilia, "Mwongeze!", na kadiri walivyoshangilia ndivyo nilivyozidi kumharibu yule maskini, nikamfanya mwizi, mvamizi, mtu asiyekuwa na kwao. (Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza, sikujua kama ninayo.)

Nilichokuwa sikijui ni kwamba benchi la pili alikaa Mzee Shija, mfugaji wa Kisukuma, aliyeingia kwa sababu aliona ng'ombe kwenye picha iliyobandikwa mlangoni. Mzee Shija ndiye baba yake Kulwa. Na ilikuwa imebaki siku moja tu mjomba wangu aende kwake kuniposea huyo Kulwa.

Filamu ikanigeuka. Yule mwembamba alifika kwenye kibanda fulani ng'ambo, akavunja mlango, akatoka msichana, wakakumbatiana wanalia. Kumbe muda wote alikuwa anamtafuta mwanawe aliyetekwa.

"We DJ, mbona mwizi analia?"

"Huyo binti katoka wapi?"

Nikachanganyikiwa, mdomo ukatangulia: "Ni... ni ng'ombe wake aliyepotea."

Watu walicheka hadi wakaangukia pazia, pazia likaja chini, nami huyo, nimesimama na kipaza sauti, macho kwa macho na Mzee Shija. Yeye hakucheka. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema, na spika zikaitangaza shikamoo yangu hadi sokoni.

"Marahaba. Endelea, kijana. Nataka kujua kama nitafika nyumbani."

Sikuweza. Filamu ikaendelea bila mtafsiri, yule baba kambeba mwanawe mgongoni anavuka mto, bunduki za pande zote mbili zinamwelekea, na hakuna aliyeuliza anasema nini. Walewale waliopiga kelele "Mwongeze!" walikuwa wanafuta macho kwa mashati yao.

Jumapili mjomba alirudi kutoka kwa Mzee Shija mikono mitupu. "Anasema uende mwenyewe."

Nikaenda jioni hiyohiyo. Mzee akanipa maziwa ya mgando, akaniacha ninywe yote, ndipo akauliza:

"Yule mtu, pale mtoni, aliwaambia nini wale askari?"

"Sijui, mzee. Lugha ile siijui."

"Ungesema hivyo jana."

Alifikiri msimu mzima wa mpunga kabla ya kukubali, na sijawahi kulima msimu mrefu kama ule.

Banda lile siku hizi ni saluni, Kaka Beno yuko Mlimba anauza mchele, na mabenchi yale nayakumbuka kuliko madawati ya shule niliyosoma. Lakini kutafsiri nimekoma. Kulwa akiweka filamu kwenye simu na kuniuliza wanasema nini, namjibu sijui, hata ikiwa ya Kiswahili.