Pombe Haina Miguu

Nakumbuka Jumamosi moja hapa kwetu mlimani Mghange, mwanangu, dada yangu mkubwa akiolewa, nami nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mdomo mkubwa kuliko akili. Kazi niliyopewa ilikuwa kuwamiminia wageni mbangara, pombe yetu ya asili, na niliifanya kwa madaha. Mgeni aliyerudisha kibuyu kitupu nilimwona ametuheshimu. Aliyekataa nilimwona ana dharau.

Binamu yangu Mwadime alikuwa ameleta wageni kutoka Voi kwa pikapu. Alikuwa mpole, mtu wa kucheka kwa macho tu. Nilipomfikia alikifunika kibuyu kwa kiganja.

"Dada, leo niache. Niko na mama, na hizi kona za kuteremka unazijua."

Ningemletea chai, mambo yakaisha. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikapaza sauti ili wakwe wasikie: "Kumbe wanaume wa Voi siku hizi wanaogopa pombe ya wanawake!" Watu wakaangua kicheko. Mwadime akatazama chini, akapokea, akanywa yote. Kile kicheko kilininogea, nikamjazia tena, na tena.

Waliondoka saa kumi, jua bado kali. Kabla hawajafika Mwatate pikapu ilikosa kona ikaporomoka bondeni. Mwadime alifia papo hapo. Mama yake, shangazi yangu, alivunjika nyonga; wageni wengine walitoka na majeraha madogo.

Nilimpelekea uji hospitalini. Wazee waliokizunguka kitanda walikuwa wakitikisa vichwa na kusema pombe imemmaliza kijana. Shangazi aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasema polepole, "Pombe haina miguu. Mwanangu alikuwa ameketi. Ilimfikiaje?"

Hakunitazama. Wakati wa sherehe alikuwa ndani na akina mama, hakuona lolote. Aliuliza tu, kama mzazi anavyouliza. Mimi nilikoroga ule uji hadi ukapoa.

Aliishi miaka mingi akitembelea fimbo. Nilimchotea maji, nikamfulia nguo, naye akanisifu kwa majirani kwamba nina huruma kuliko watoto wote wa ukoo. Kila aliponisifu nilitamani ardhi inimeze. Nilijiambia nitamwambia baada ya mavuno, baada ya Krismasi, akipata nafuu. Nilimzika bila kumwambia. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja mapema, nami nimezeeka nayo.

Sasa wewe na vijana wenzako mmeniletea ubao mtakaousimamisha pale stendi ya Voi. Mmechora gari lililobondeka, na chini yake mmeandika "Ukilewa usiendeshe." Ukaniambia, "Nyanya, tunataka madereva waogope kabisa." Mchoro ni mzuri, mikono yenu isipotee. Lakini mwanangu, aliyelewa hasomi ubao, na akiusoma hudhani anasemwa jirani yake. Mwadime hakuhitaji kutishwa. Alikuwa amekwisha kusema hapana. Aliyehitaji ule ubao ni mimi niliyeshika kibuyu.

Basi mwandikieni na anayemimina. Andikeni, "Mwenye funguo mpe chai." Pelekeni maneno hayo kwenye harusi, kwenye mahari, kwenye baa, huko pombe inakoanza safari yake, maana barabarani mtakuwa mmeshachelewa. Anayesema hapana asichekwe, wala asibembelezwe mara ya pili. Kumnyima dereva pombe si kumnyima heshima. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi naongeza kwamba mgeni naye apone, afike kwake. Na ukikosea, mwanangu, sema ungali na wa kumwambia. Mimi nilingoja, nikabaki kuliambia kaburi.

Uliniuliza nani atazungumza siku ya kuuzindua ubao. Nitakuja mimi. Nitalitaja jina la Mwadime mbele ya watu, na niseme kibuyu kilitoka mkononi mwangu.

Mungu azibariki kazi zenu. Safari zenu zote ziishie nyumbani, na mikono yako, mwanangu, isimpe mtu kitu cha kumliza mama yake.