Breki za Mama Mkwe

Evelina Machibya alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mguu wa kulia aliousifia mwenyewe bila haya. Mguu huo ulikanyaga pedali za trekta la ushirika wa pamba miaka kumi na minne, mpaka ushirika ulipofilisika na wafanyakazi wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Majirani wa Kiseke walidhani sasa atauza nyanya. Yeye akaenda kwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara, akakuta wanaume wamelizunguka foklifti la umeme, gari la kunyanyulia mizigo lililotoka Ulaya, kila mmoja anamsukuma mwenzake apande kwanza. Akapanda yeye. Tangu siku hiyo, mwaka wa tisini na nne, foklifti likawa lake.

Na alilipenda, tusifichane. Halikunguruma wala kutoa moshi. Alisema ni gari pekee ambalo mtu anaweza kuliendesha huku anaimba nyimbo za kwaya na akajisikia mwenyewe.

Kisha breki zikaanza vituko. Pedali ikawa inazama kama unakanyaga godoro, mpaka uipige mara tatu ndipo ishike. Kwenye mteremko wa saruji unaoshuka hadi geti la kupakilia, hilo si jambo la mchezo, maana gari la umeme lile halina injini ya kulizuia likishuka. Jumatano likagonga nguzo ya geti na maboksi matatu ya samaki yakamwagika. Meneja akaja, akaangalia nguzo, akaangalia viatu vya Evelina.

"Mama, hii si breki. Ni mguu umechoka," akasema. "Jumamosi tunapakia mzigo mkubwa. Kama mambo ni haya haya, utaenda meza ya kukatia samaki, na Venant atachukua ufunguo."

Venant! Mtu ambaye ujuzi wake mkubwa ulikuwa kupiga mluzi. Evelina alirudi nyumbani, akamwambia binti yake Kija maneno matatu tu: "Mwite mume wako."

Mume wa Kija aliitwa Zadok Oyoo, mtu wa Rorya, fundi wa magari pale Mabatini, na mmoja wa wachache wasioogopa kurushwa na umeme. Lakini alikuwa mkwe. Kwao Rorya na kwao Evelina huko Magu, katika hili walikuwa kitu kimoja: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye karibu, na kumpandishia sauti ndiyo kabisa, haisemeki. Kwa miaka sita wawili hawa walizungumza kupitia kwa Kija.

Ijumaa mchana Zadok akafika kiwandani na mfuko wake wa spana. Kija hakuwepo wa kuwasemea, kwa hiyo akasimama mbali, macho kwenye tairi, akasalimia mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Mihayo. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mama."

Akachomoa waya za betri, akaweka mawe kwenye tairi, akaibonyeza pedali kwa kiganja. Ikazama. Akaibonyeza tena na tena, ikakaza. "Kuna upepo umeingia kwenye mafuta ya breki," akaliambia tairi. Evelina nusura alie kwa furaha. Si mguu! Nyuma ya tairi la kushoto Zadok akakuta mpira wa kuzibia mafuta umelika na mafuta yanavuja. Akaweka mpira mpya. Ikabaki kuutoa upepo.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kushikilia. Mwingine, chini kwenye tairi, anafungua skrubu ndogo, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo wa juu aachie. Akiachia kabla, upepo unarudi ndani. Kule gereji Zadok huifanya kwa kelele za "kanyaga!" na "achia!" mpaka fundi cherehani wa jirani anashona kombo. Hapa, sasa, wa juu alikuwa mama mkwe wake.

"Mama, samahani... kama hutajali... naomba ukanyage."

Evelina akakanyaga. Zadok akafungua skrubu.

"Mama, naomba basi usubiri kido—"

Lakini Evelina, akisikia tu "Mama", alishainua mguu ili amsikilize vizuri mkwe wake. Upepo ukarudi. Wakarudia, ikawa vile vile. Mara ya sita chupa ya mafuta ya breki ilikuwa imebaki robo, na pedali bado godoro. Meneja akapita, akatazama saa yake, akaenda zake.

Hapo Evelina akachemka. "Baba Mihayo, unanibembeleza mpaka upepo unarudi! Nipigie kelele. Sema kanyaga, basi, kama unavyosema gereji."

 Sauti ndogo ikatoka chini: "Haitoki, Mama."

"Neno moja tu!"

"Nimejaribu, Mama. Haitoki."

Evelina akaona jasho linamtiririka shingoni, na hasira ikamwisha. Alimpenda sana mkwe wake dakika ile. Akaitazama spana mkononi mwa Zadok.

"Basi gonga chuma. Mara moja, nakanyaga na kushikilia hata paa lianguke. Mara mbili, naachia."

Ngo! Akakanyaga. Mapovu yakatoka. Ngo, ngo! Akaachia. Wakaendelea hivyo hivyo. Mafuta yalipofika tone la mwisho la chupa, pedali ikasimama chini ya mguu wake, ngumu, haizami tena.

Jumamosi Evelina alishuka mteremko na mzigo kamili, akasimama shubiri moja kutoka getini, mbele ya tumbo la meneja. "Mguu umepumzika," akamwambia. Ufunguo ukabaki kwake, na Venant akaendelea na mluzi.

Jumapili Zadok na Kija walikuja Kiseke kula. Zadok akakaa uani, mgongo kwa jiko, akala kama wakwe wanavyokula: matonge matatu, kisha akauvuta mkono na kudai ameshiba. Kwa miaka sita jambo hilo lilimuuma Evelina, maana hakuwa na njia ya kumwambia ale, na akimtuma Kija alijibiwa yale yale ya kushiba. Safari hii, nyuma ya ukuta wa jiko, akachukua mwiko akagonga sufuria mara moja.

 Zadok akarudisha mkono kwenye ugali.

Evelina akabaki amesimama na mwiko wake, na hakugonga mara mbili mpaka sahani ilipobaki nyeupe.