Kifungo Ndani ya Kopo

Watoto walimwita Bibi Vifungo, na jina hilo lilimkaa kama gauni lililopimwa vizuri. Alikuwa fundi cherehani, mjane, miwani yake ikining'inia kwa uzi wa kushonea. Kila Jumamosi mchana aligeuka mwalimu wa watoto wa kanisa. Alitundika shuka jeupe ukutani, akaziba madirisha ya ukumbi kwa mapazia meusi aliyoyaunga mwenyewe kwa vipande vya bitana, kisha akawaonyesha filamu za kusisimua: watoto waliopotea msituni, baba na binti waliovuka jangwa, mambo ambayo nyumba nzima inaweza kuyatazama bila mtu kuinamisha uso.

Lakini kutazama tu, hapana. Mlangoni kila mtoto alipewa kifungo kimoja cha shati. Akiona jambo la kumgusa, alikidondosha ndani ya kopo tupu la maziwa lililokaa mbele. Ting! Filamu inasimama hapo hapo, aliyedondosha anasema alichokiona, kisha wote wanaulizana kama Yesu angekuwa pale angefanya nini.

"Kwa nini usiwafundishe aya tu?" Mchungaji aliwahi kumwuliza.

"Aya ninawafundisha, Baba Mchungaji. Hapa nataka kujua zimefika wapi."

Bingwa wa kopo alikuwa mvulana waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima. "Bibi, hawa wametembea siku nzima. Mbona hakuna aliyekwenda chooni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi naye alicheka mpaka akafuta macho. "Swali halali kabisa. Mungu aliyeumba mashujaa aliumba na matumbo yao."

Mmoja tu hakuwahi kudondosha kitu, naye alikuwa mjukuu wa kike wa Bibi mwenyewe. Baba wa mtoto huyo, mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi Vifungo, alikuwa mchimba visima. Siku moja udongo ulimporomokea akiwa chini kabisa, na waliomfukua walimkuta ameshakata roho. Msibani mtoto aliuliza swali moja: "Kule chini alikuwa na nani?" Shangazi yake akamwambia, "Nyamaza, mama, watu wanalia." Akanyamaza kweli. Tangu hapo alipokea kifungo chake kila Jumamosi na kuondoka nacho mfukoni, na wakati wa sala aliinamisha kichwa, midomo imefungwa.

Bibi hakumlazimisha. Kitambaa kikikataa pasi, alizoea kusema, usikiunguze. Ila kila alipokanyaga cherehani, swali lile lilizunguka na gurudumu. Hakuthubutu kulitamka, maana na yeye lilimshinda.

Desturi yake ilikuwa kuitazama kila filamu kwanza peke yake, huku akipinda sketi na suruali za watu. Wiki ile sare za shule zilimzidi kimo, hakupata nafasi. Akaliamini jalada: ndugu watatu, mlima, jua, na punda anayechekelea. Punda anayecheka atamdhuru nani?

Jumamosi ikafika. Ndugu wale watatu wakapanda mlima kutafuta chemchemi iliyopotea. Punda akaitafuna kofia ya kaka mkubwa, na Redio akamaliza kifungo chake mapema kumtetea: "Mnyama ana njaa, Bibi! Kosa la aliyemnyima majani!" Watoto wakajilaza mikekani, raha mustarehe. Mara, bila hodi, ardhi ikafunguka chini ya miguu ya wale watatu. Wakaporomoka na mawe na vumbi, na mdomo wa shimo ukazibika juu yao.

Roho ya Bibi ikaruka. Udongo! Mungu wangu, filamu zote hizi, udongo! Akanyoosha mkono kwenye projekta azime, lakini gizani vidole vikapapasa mahali pasipo kitufe. Kwenye shuka giza lilikuwa limetanda, nyuso tatu zikionekana kwa shida. Kaka mkubwa akanong'ona kwamba hakuna anayejua walipo, hakuna anayewaona.

Ting!

Kidole cha Bibi kikakipata kitufe, picha ikasimama. Alipogeuka, mjukuu wake alikuwa kando ya kopo.

"Sema, mke mwenzangu," alisema Bibi, kwa lile jina lao la utani.

"Huyo kaka anakosea. Anasema hakuna anayewaona. Sisi tunawaona." Mtoto alinyoosha kidole. "Kuna giza, na juu kumezibwa, lakini tunaona mpaka vumbi kwenye kope zake. Yeye tu ndiye hajui." Akamtazama bibi yake usoni. "Na baba je? Kule chini, kulikuwa na wa kumwona?"

Majibu ya Jumapili Bibi alikuwa nayo yote, yamenyooshwa na kukunjwa vizuri, lakini hakuna lililomwenea mtoto huyu.

"Bibi, sina kifungo," Redio alisema polepole, tofauti na siku zote. "Naruhusiwa?"

"Sema, mwanangu."

"Tunawaona kwa sababu kuna mtu ameingia nao shimoni, ameshika kamera. Angebaki juu asingewapata. Ilibidi ashuke." Akakuna kichwa. "Si ndivyo Yesu alivyofanya? Alishuka. Hata kaburini aliingia."

Mwili wa Bibi Vifungo ulisisimka kuanzia utosini. Miaka yote aliimba habari za kushuka kwake Bwana, wala hakuwahi kuwaza kwamba kushuka huko kulifika mpaka kwenye kisima kile, ndani ya udongo ule, karibu kiasi cha kuhesabu kope za mwanawe. Akakaa mkekani kati ya watoto.

"Kwa hiyo alikuwa naye," alisema mjukuu.

"Alikuwa naye, mama. Na mimi ndiyo kwanza ninaona."

Mtoto akaketi, akamwegemea. "Endelea, Bibi. Wanatoka?"

"Sijui. Hii sikuitazama."

"Bibi hajui!" Mnong'ono ulizunguka ukumbi, na wote wakasogea karibu naye, kama wasafiri waliogundua kwamba kiongozi wao naye ni mgeni wa njia. Wakatazama hivyo, bega kwa bega, mpaka juu ya shimo ikasikika sauti ya kukwaruza inayotambulika popote.

"Punda!" alipaza sauti Redio. "Si niliwaambia!"

Ilipokwisha, kabla mapazia hayajafunguliwa, Bibi aliinama aombe kama kawaida. Sauti nyingine ikamtangulia.

"Mungu, asante ulishuka. Asante ulimwona baba. Amina."

Kisha mtoto akaingiza mkono mfukoni, akaenda kwenye kopo, akaufungua. Vifungo vikamiminika kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Vyote hivyo, kila kimoja na neno lake?" Bibi aliuliza, mashavu yamelowa. "Tutamaliza lini, mke mwenzangu?"

Mjukuu wake akachagua kimoja, cheupe, akamwekea kiganjani.

"Tuanze na hiki," akasema.